Bunia: Kuhama X kwenda Mastodon, faida iko wapi?

BUNIA – Mwanzoni mwa Februari 2025, siku chache baada ya waasi wa M23 kuteka Goma, mtandao wa X ulizuiwa nchini Kongo. Kwa mkaaji wa Bunia mwenye ndugu Goma, mlango mmoja wa habari ulifungwa katika siku alizouhitaji zaidi.

Haikuwa mara ya kwanza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu siku 20. Jirani zetu wa Uganda walifungiwa Facebook Januari 2021, na Tanzania ilifunga X Mei 2025.

Serikali siyo peke yake yenye ufunguo. Oktoba 2022, Elon Musk alinunua Twitter kwa dola bilioni 44, kisha akabadilisha sheria zake na hata jina. Watu wengi duniani walianza kutafuta mitandao isiyo na mwenye mmoja. Kati ya hiyo, unaojulikana sana ni Mastodon, ulioanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko huko Ujerumani.

Unafanya kazi namna gani?

Chukua mfano wa simu. Mwenye laini ya Airtel anampigia mwenye Vodacom au Orange, ingawa kampuni ni tofauti. Mastodon ni vile vile: kuna seva nyingi, kila moja na mwenyewe na sheria zake, lakini zinaongea. Ukiona seva yako haifai tena, unahamia nyingine na wanaokufuata wanakuja nawe. Maandishi yako ya zamani ndiyo hayahami. Kwenye Facebook au X, akaunti ikifungwa unaanza na sifuri.

Nilijiandikisha mwenyewe, hapa mjini. Dakika chache zilitosha, na hakuna matangazo ya biashara yanayokula mega. Shida niliyoikuta ni ukimya. Marafiki, wauzaji, radio na viongozi wetu wako WhatsApp na Facebook. Mwenye kununua mega kidogo kidogo hawezi kuzitumia mahali ambapo hana wa kuongea naye.

Mambo matatu ya kujua

Kwanza, intaneti ikikatwa yote, Mastodon nayo inazimika.

Pili, kuhama siyo kujificha. Ujumbe wa faragha kule haufungwi kama ule wa WhatsApp. Mwenye seva anaweza kuusoma. Kwa mwandishi wa habari au mtetezi wa haki za binadamu katika jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, hilo si jambo dogo.

Tatu, maneno ya chuki. Sisi wa Ituri tunajua uvumi mmoja unavyoweza kuwasha moto Djugu. Desemba 2022, Waethiopia walifungua kesi Nairobi dhidi ya Meta, wakisema Facebook iliacha chuki isambae wakati wa vita nchini mwao. Kwenye Mastodon, kila seva ina wasimamizi wake wenye uwezo wa kufuta chuki, hata kukata uhusiano na seva inayoieneza. Lakini msimamizi aliye Ulaya atajuaje tusi lililofichwa katika Kiswahili cha Bunia, katika Kilendu, Kihema au Kialur?

Hapo ndipo kuna nafasi yetu. Programu ya Mastodon ni ya bure. Chuo kikuu, radio au shirika la raia la Bunia linaweza kuweka seva yake, na wasimamizi wanaosikia lugha zetu. Itaomba pesa, umeme na watu wa kukesha, lakini ufunguo utakuwa mkononi mwa watu tunaoweza kuwafikia na kuwauliza.

Kwa leo, hakuna haja ya kufuta WhatsApp. Ila mwenye ukurasa wa habari, mama anayeuza vitenge kwa simu au kamati ya wakimbizi wa ndani wafungue mlango wa pili mapema, waambie watu wao wanapopatikana, na waandike namba muhimu kwenye daftari. Mtandao ukifungwa, hakuna anayepewa muda wa kuaga.