Uso Unaowaka: Tusikimbilie Krimu za Dukani



Kuna ugonjwa wa ngozi ya uso uitwao rozasea. Mashavu, pua na paji la uso huwa mekundu, huwaka moto, na vipele vidogo hujitokeza. Wengine macho huwasha na kuwa makavu. Kwa mtu mweusi wekundu hauonekani kirahisi: ngozi huwa nyeusi zaidi au ya zambarau. Kwa hiyo mgonjwa huambiwa ana chunusi tu. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hautokani na uchafu.

Hali huzidishwa na jua, joto la jiko la kuni, chai ya moto sana, pilipili na pombe, mbege ikiwamo. Huku kwetu Kibosho hewa ni ya baridi, lakini tusidanganyike: kadiri tunavyopanda mlima ndivyo miale ya jua inavyozidi ukali.

Hatari kubwa ni krimu. Mtu huenda dukani akauziwa krimu ya betamethasoni au klobetasoli, au ile ya "fangasi" yenye dawa tatu ndani yake. Dawa hizi ni za jamii ya steroidi, na huchanganywa pia katika mkorogo. Siku za kwanza uso hutulia. Baada ya wiki au miezi ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo huonekana na vipele huongezeka. Akiacha kupaka, uso huwaka zaidi, naye hurudia krimu ileile. Hivyo krimu yenyewe huwa chanzo cha ugonjwa.

Tufanye nini?

1. Aliyekwisha kuzitumia asione haya. Aende hospitali na boksi la krimu, aelekezwe namna ya kuacha.
2. Avae kofia pana au ajitande khanga, na aoshe uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali.
3. Daktari aweza kutoa metronidazoli ya kupaka au vidonge vya doksisaiklini. Mjamzito asimeze doksisaiklini.
4. Wekundu wa mashavuni ukiambatana na homa na maumivu ya viungo, asichelewe. Huenda ni ugonjwa mwingine unaodhuru hata figo.

Tuna bahati ya kuwa jirani na KCMC, Moshi. Kituo chake cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianza mwaka 1992, na kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo, kwa mama wa kijijini nauli na gharama za kumwona daktari ni mzigo, ilhali krimu ya dukani ni rahisi.

Tunaziomba kamati za parokia zilieleze jambo hili katika jumuiya ndogo ndogo, na hasa kwa wenye maduka ya dawa. Nanyi wafadhili wetu, nauli ya mgonjwa mmoja kwenda kliniki yaweza kuokoa uso wake.