Kuahidi si kutaka: "nitakalolipa" na "nitakalo kulipa"

Sisi watu wa Pwani tunaoishi Eastlands, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja na Kayole, tuna mazoea ya kucheka Kiswahili cha huku. Jirani akisema "mtu mwenye anataka kuingia", twamsahihisha papo hapo: sema "mtu anayetaka kuingia". Mwenye, twamwambia, ni wa mali: mwenye nyumba, mwenye duka. Kwa sarufi sanifu ni kweli. Ila kuna mahali ambapo maneno yetu hutatiza na ya kwao hayatatizi, na mara nyingi hapo pana pesa.

Chukua ujumbe wa mpangaji kwa mwenye nyumba. "Deni nitakalolipa Ijumaa" ni ahadi. "Deni nitakalo kulipa Ijumaa" ni nia tu: nataka kulipa, nikijaliwa. Kinachotenga ahadi na nia hapo ni ule "ku" wa kitenzi-jina. Kwa vitenzi vifupi hata huo hausaidii. "Chakula nitakachokula" ni cha baadaye, "chakula nitakacho kula" ni ninachokitamani. Kwenye maandishi, tofauti ni nafasi moja tu.

Chanzo ni kitenzi "kutaka". Ndicho kilichozaa alama ya wakati ujao. Katika sentensi ya kawaida imefupika ikawa "ta": nitalipa. Kwenye kirejeshi hurudi nzima: nitakalolipa. Nasi wa Pwani bado twakipenda kirejeshi kisicho na wakati, kama "aendaye" na "yafaayo", kwa hiyo "nitakalo" yetu hugongana na ile ya wakati ujao.

Waingereza nao walipita njia hiyo. Neno lao "will" zamani lilikuwa na maana ya kutaka, likageuka kuwa la wakati ujao, na kazi ya kutaka ikachukuliwa na "want". Leo "the debt which I will pay" na "the debt which I want to pay" hazichanganyiki.

Sasa msikilize kijana wa Dandora: "deni yenye nitalipa", "deni yenye nataka kulipa". Kirejeshi kimesimama peke yake, kitenzi kikafuata, kisha kitenzi-jina. Hakuna wa kudanganyika. Kiswahili sanifu kina uwazi huo huo katika "amba": deni ambalo nitalipa, deni ambalo nataka kulipa.

Mpangilio huu huwasumbua pia watoto wetu katika Kiingereza. Huandika "the debt which I want to pay it", na mwalimu hukata alama. Hiyo "it" imetoka nyumbani: "deni ninalotaka kulilipa". Sisi hurudia deni ndani ya kitenzi-jina, kwa "li". Kiingereza huacha pengo. Mtoto akionyeshwa hivyo ataelewa upesi kuliko akiambiwa amekosea tu.

Maoni yangu ni haya. Darasani "mwenye anataka" bado ni kosa, na mtahini hatahurumia. "Nitakalo" tuiachie mashairi na maneno ya mapenzi. Lakini unapoandika habari za kodi, mkopo au mchango wa harusi, andika "ninalotaka kulipa" kama ni nia, na "ambalo nitalipa" kama ni ahadi. Mdai akija Ijumaa, ajue mapema ulimwahidi au ulitamani tu.