Kanisa la Nyumbani Libaki Nyumbani

Anayetaka kuanzisha kanisa la nyumbani mtaani Kiirua, kule Buuri katika kaunti ya Meru, hana jambo geni la kuwaeleza majirani. Wakatoliki husali nyumba kwa nyumba katika jumuiya zao. Waliookoka wana ushirika wao wa katikati ya juma. Na msiba ukitokea, sebule ya wafiwa huwa mahali pa ibada kila jioni hadi siku ya mazishi. Kuanza, basi, si kazi. Kazi ni kubaki. Mkondo wa kawaida unajulikana: familia tatu nne zinakutana, zinapata nguvu, zinaanza kuchangisha pesa za ploti, mabati yanaezekwa, spika zinanunuliwa, na lililokuwa kanisa la nyumbani linageuka kanisa dogo kama mengine yote, tena lenye deni. Ninachotetea hapa ni kwamba nyumba si kituo cha kungojea jengo. Ni namna kamili ya kuwa kanisa, na anayeianzisha anapaswa kuamua jinsi ya kuilinda kabla ya kikao cha kwanza.

Mvuto wa jengo una historia yake. Wamisionari Wakonsolata walifika Meru mwaka 1911, Wamethodisti wakaingia Kaaga 1912, na Wapresbiteri wakaanza kazi Chogoria 1922. Kila walipokaa, kanisa lilikuja pamoja na shule, zahanati na shamba. Kiirua yenyewe inajulikana mbali kwa hospitali ya misheni ya Mtakatifu Theresa. Si ajabu watu wakiona kwamba kanisa lisilo na ardhi bado halijajipanga. Lakini misheni ni sura ya juzi tu. Nyaraka za Paulo zinataja makanisa yaliyokutana nyumbani mwa Priska na Akila, mwa Nimfa na mwa Filemoni. Huko Dura-Europos, mji wa kale kando ya mto Frati nchini Syria, wachimbuzi wa miaka ya 1930 walifukua nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kanisa yapata mwaka 240: ukuta kati ya vyumba viwili ulibomolewa ili kupata ukumbi mmoja, na chumba kingine kikafanywa cha ubatizo. Kwa hiyo mvuto wa kupanua si wa Kenya pekee. Ukuta ule ulipoanguka nyumba haikuwa nyumba tena, maana hapakuwa na familia iliyoendelea kuishi humo.

Je, kanisa linaweza kudumu bila kubomoa ukuta? Afrika Mashariki ina ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya 1937. Ndugu walikutana kila wiki, mara nyingi majumbani, wakatubu mbele ya wenzao na kusahihishana, na wengi wao hawakuyaacha makanisa yao ya Kianglikana, Kipresbiteri na Kimethodisti. Harakati hiyo imevuka vizazi bila kuwa na mchungaji wake wa mshahara. Si kwamba haikuwahi kupasuka; kule Nyanza mvutano ndani yake ulizaa kanisa jipya mwaka 1957. Ila ilidumu pale palipokuwa na ndugu kadhaa wenye sauti sawa. Ushahidi wa pili ni jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa kanda hii walizifanya kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976. Katika jumuiya, mgonjwa hutembelewa na anayejua mlango wake, na aliyekosa wiki mbili huulizwa aliko. Parokia ya watu elfu kadhaa haiwezi kufanya hivyo, hata ikiwa na padri mtakatifu.

Hapo ndipo thamani ya nyumba ilipo. Unafuu wa gharama ni wa ziada tu. Faida yenyewe ni kwamba hakuna anayeweza kujificha, kuanzia na kiongozi. Basi maamuzi ya mwanzo yalinde jambo hilo. Idadi iwe na kikomo kinachojulikana, na kikifikiwa, kundi ligawanyike liende nyumba ya pili. Kugawanyika ndiko kukua kwake. Uongozi uwe wa watu watatu au zaidi, jambo ambalo Wameru, wenye baraza lao la wazee la Njuri Ncheke, hawahitaji kufundishwa: neno zito huamuliwa na kikao. Sadaka isitumwe kwenye simu ya mtu mmoja. Sheria nayo isidharauliwe kwa sababu ni sebule tu. Ibara ya 32 ya Katiba inalinda ibada ya hadharani na ya faraghani, lakini Sheria ya Vyama inahesabu kundi la watu kumi au zaidi kuwa chama, na chama huandikishwa kwa msajili au kinakuwa chini ya kanisa lililokwisha kuandikishwa. Njia hii ya pili ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu inalipatia kundi mahali pa kukatia rufaa. Na kwa wanaokaa vyumba vya kupanga vilivyotenganishwa na ukuta mwembamba, kanuni za kelele za 2009 zinaruhusu desibeli 35 tu usiku katika makazi. Kesha lenye spika halina nafasi hapo. Wimbo wa sauti za watu wanane unatosha.

Pingamizi kubwa zaidi lina jina: Shakahola. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, na jopo la serikali lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi likawasilisha ripoti yake Julai 2024. Mtu ana haki ya kuuliza kama makanisa yasiyo na jengo wala kibao si maficho ya mambo kama hayo. Lakini tukio lenyewe linasema vingine. Kabla ya msitu, huduma ya Paul Mackenzie, mhubiri aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo na ambaye amekana mashtaka, ilikuwa na jengo Malindi na mahubiri yaliyorushwa kwa televisheni. Haikuwa ndogo wala ya siri. Waumini walimsikiliza mtu mmoja asiyepingwa, kisha wakahama mbali na ndugu na majirani zao. Kundi la Kiirua linalosali dirisha wazi, karibu na shangazi na mwenye nyumba, lina ulinzi ambao cheti cha msajili hakiwezi kutoa. Ulinzi huo hupotea siku kiongozi anapoanza kuwakataza watu kwenda hospitali au kuzungumza na jamaa zao, na dalili hizo ni za kuripotiwa kwa chifu bila kungoja kikao.

Pingamizi la pili ni la kawaida lakini ni zito: makanisa yamejaa tayari. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya ni Wakristo, na Meru si tofauti. Kanisa jipya likichota waumini wa lile la jirani halijaongeza kitu. Nakubali, na ndiyo maana swali la kwanza ni nani hafikiwi. Kiirua ina wauguzi wanaoingia zamu Jumapili asubuhi, wanafunzi wa chuo cha ufundi walio mbali na kwao, vibarua wa mashamba ya viazi wanaohama kufuata msimu, na wapangaji wasioijua lugha ya Kimeru inayotumika kwenye ibada. Hao kikao cha Jumanne saa mbili usiku, kwa Kiswahili, kinaweza kuwafaa kuliko hekalu lolote. Lakini ikiwa wote wanaokusanyika sebuleni wametoka kanisa moja, baada ya ugomvi mmoja na mchungaji mmoja, basi hilo si kanisa jipya bado. Warudi kwanza wakaumalize ugomvi wao.