Ndege ya mbao Kyela: Gundi, unyevu na kibali ndivyo vikwazo

Na Mwandishi Wetu, Kyela

FUNDI wa mitumbwi katika ufukwe wa Matema hahitaji kuelezwa kuwa kila mti una tabia yake. Anajua upi hunywa maji na upi hupasuka juani. Maarifa hayo ndiyo atakayoyahitaji mkazi yeyote wa Kyela anayetamani kuunda ndege ndogo ya mfano, yenye bawa moja juu na jingine chini, inayoongozwa kwa rimoti ya redio.

Umbo hilo la mabawa pacha si geni katika anga ya nyanda hizi. Januari 1932 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifungua njia ya barua kati ya London na Cape Town, na kutoka Nairobi ndege zake, zikiwamo de Havilland Hercules za mabawa pacha, zilipitia Moshi, Dodoma na Mbeya. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki nalo lilipoanza kazi mwaka 1946 lilikuwa na ndege sita za Dragon Rapide, zilizojengwa kwa mbao na kuvikwa kitambaa.

Hata hivyo, funzo kubwa kwa fundi wa leo linatoka Rufiji. Mwanzoni mwa mwaka 1915 Waingereza walileta ndege za Sopwith kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya mto huo. Ndege hizo zilikuwa mpya, lakini joto na unyevu wa pwani viliilegeza gundi, viungo vikaachana, nazo zikashindwa kupaa ipasavyo. Kazi ikamalizwa na ndege za aina nyingine. Hata Julai 11 mwaka huo, siku manowari ilipoangamizwa, ndege ya Farman iliyokuwa ikielekeza mizinga ya Waingereza ilipigwa ikatua mtoni.

Kyela haina chumvi ya pwani, lakini ina unyevu wa kutosha. Ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na mwezi Aprili mpunga huwa umesimama majini. Gundi nyeupe ya seremala, inayopendwa kwa bei yake, hulainika ikipata maji. Viungo vinavyobeba mzigo, hasa pale bawa linaposhikana na kiwiliwili, vinastahili gundi ya kuchanganya ya kopo mbili. Tena si busara kuunganisha mbao ambazo hazijakauka kivulini, kwa sababu bawa lililonyooka leo litakuwa limepinda mwezi ujao, na ndege ya bawa lililopinda hugeuka upande mmoja hata rubani afanye nini.

Swali la pili ni mti wenyewe. Mafundi wa ng'ambo hutumia balsa, mti wa Amerika ya Kusini ambao kipande chake cha meta moja ya ujazo huwa na uzito wa kilo 160 hivi au pungufu. Mninga, ulio fahari ya maseremala wetu, hupita kilo 600. Ndege ya mninga haitaondoka ardhini. Msufi ni ndugu wa balsa kwa ukoo na ni mwepesi kuliko mbao nyingi za sokoni, hivyo unafaa kwa mbavu za bawa. Kwa mihimili mirefu, mwandishi wa habari hizi haoni haja ya kwenda mbali: Wanyakyusa wamejenga nyumba kwa mianzi tangu enzi, na ufito wa mwanzi uliopasuliwa vizuri hupinda bila kuvunjika.

Kwa nini mabawa mawili na si moja? Bawa la juu na la chini, yakiunganishwa kwa nguzo fupi na nyuzi zilizokazwa kwa mshazari, hufanya kitu kama boksi au daraja, ambacho ni imara ingawa kila kijiti ni chembamba. Gharama yake ni kwamba nguzo na nyuzi huburuta hewa, na mabawa yakikaribiana mno hupunguziana nguvu. Ndiyo maana nafasi kati yake huachwa karibu sawa na upana wa bawa lenyewe.

Tuchukue mfano wa ndege yenye mabawa ya meta 1.2 kwa urefu na sentimeta 18 kwa upana, na uzito wa kilo moja na nusu pamoja na mota ya umeme na betri. Kila desimita mraba ya bawa itabeba takriban gramu 35, mzigo ambao ndege huumudu kwa mwendo wa kilometa 30 hivi kwa saa. Ziwa Nyasa liko karibu meta 475 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto la nyuzi 30 mchana, hewa ya Kyela huwa nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ile ya kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari, na ndege italazimika kukimbia zaidi kidogo kabla ya kupaa. Asubuhi ni bora, tena upepo wa ziwani huwa haujaamka, na ule unaovurugika kwenye kuta za milima ya Livingstone haujaanza kuitupa ndege huku na huko.

Kosa linaloua ndege nyingi mpya ni uzito kulemea mkiani. Kwa ndege ya bawa moja, kitovu cha uzito huwekwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kwa mabawa pacha yaliyopishana, hesabu huanzia katikati ya kingo hizo mbili. Betri isogezwe mbele hadi ndege, ikishikwa kwa vidole viwili mahali hapo, iinamishe pua kidogo.

Rimoti za sasa hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na hazigongani kirahisi kama zile za zamani, ambapo watu wawili wa chaneli moja waliangushiana ndege.

Kikwazo kisichotatuliwa kwa msasa ni sheria. Chini ya kanuni za mwaka 2018, chombo cha angani kinachoongozwa kutoka ardhini kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), pamoja na idhini ya wizara ya ulinzi. Aliyeunda chake kwa mianzi asidhani kanuni hizo ni za droni za kamera pekee. Kyela inapakana na Malawi kwa mto Songwe, na mgogoro wa mpaka ziwani ulifufuka mwaka 2012. Kitu kinachoruka hapo huulizwa maswali haraka. Kwa mwanafunzi wa sekondari mlolongo huo ni mzito, na pengine shule ingefaa kuomba kwa niaba yake.

Majibu ya maombi hayo huchukua muda. Mbao za msufi nazo huhitaji wiki kadhaa kukauka, hivyo barua na kazi ya msumeno vyaweza kuanza siku moja.