KUJIKINGA NYUMBANI WAKATI WA MAFURIKO: MAELEZO KWA WAKAZI WA MKOA WA KATAVI

Mvua za Mkoa wa Katavi huanza mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika majira hayo Mto Katuma hujaa na kutandaza maji yake katika mbuga za Katavi na Chada, kabla ya kuelekea Ziwa Rukwa. Mafuriko si jambo la kupuuzwa: tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua za El Nino.

Wengi huona kuwa mtu akijifungia ndani amesalimika. Hapana budi ieleweke kwamba usalama huo hutegemea ukuta wa nyumba yenyewe.

Nyumba nyingi za vijijini, na baadhi ya zile za pembezoni mwa mji wa Mpanda, zimejengwa kwa matofali mabichi. Tofali la namna hiyo ni udongo uliokaushwa kwa jua. Likiloweka hurudi kuwa tope. Maji yaliyotuama hula ukuta kuanzia chini, huku uzito wa paa ukiendelea kuukandamiza. Ndiyo maana ukuta huweza kuanguka hata baada ya mvua kukatika, wakati wenyeji wamekwisha kulala.

Kwa hiyo, mwenye nyumba ya matofali mabichi aondoke na jamaa zake mara maji yanapoanza kutuama kwenye kuta, asingoje yaingie ndani. Dalili nyingine ni nyufa mpya, ukuta kuinama na mlango uliokuwa ukifungika vyema kuanza kukwama.

Mwenye nyumba imara iliyo mwinuko anaweza kubaki, akizingatia haya:

1. Azime swichi kuu ya umeme maji yangali mbali, wala asiiguse akiwa amesimama majini.

2. Nyaraka, dawa, chakula na mbegu viwekwe juu, ndani ya mifuko isiyopitisha maji.

3. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, hata yakionekana safi. Vyoo vya shimo vikifurika huchafua visima, na kipindupindu huenea kwa njia hiyo.

4. Watoto wasicheze majini. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, huweza kumwangusha mtu mzima. Karibu na Katuma kuna pia viboko na mamba.

Aliyehama asirejee mpaka kuta zikaguliwe na fundi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Yafaa kila kaya isikilize redio na kupanga mapema mahali pa kukimbilia.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Watendaji wanahimizwa kuzitumia kamati hizo, kabla ya Novemba, kuorodhesha kaya za wazee, wagonjwa na walemavu zinazoishi katika nyumba za matofali mabichi mabondeni, na kuteua jengo imara la kuwahifadhi. Watu hao hawawezi kujihamisha wenyewe usiku wa mvua. Wahamishwe maji yangali mbali.