Dawa ya Magugu Ibaki Katika Chupa Yake: Jinsi ya Kuinunua, Kuibeba, Kuihifadhi na Kuinyunyizia kwa Usalama

Msimu wa mvua unapoanza, magugu huota pamoja na mboga, na wakazi wengi hununua dawa ili kupunguza kazi ya jembe. Dawa hiyo huokoa muda, lakini ni sumu. Hatari yake haianzi shambani wala kuishia huko. Chupa ya soda iliyotiwa dawa iliyobaki na kuwekwa dirishani yatosha kuleta msiba, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hawezi kujua kilichomo ndani.

Kanuni moja hubeba nyingine zote: dawa isitoke katika chupa yake ya asili ila inapoingia kwenye pampu.

Dukani

Chini ya Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu Waharibifu, Sura ya 346, dawa ya magugu lazima isajiliwe na bodi ya PCPB kabla ya kuuzwa nchini, na duka linaloiuza lazima liwe na leseni. Mkulima aangalie mambo matatu kabla ya kulipa: nambari ya usajili wa PCPB kwenye lebo, kifuniko ambacho hakijafunguliwa, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Asikubali kupimiwa dawa katika chupa ya maji au ya soda, hata kama bei ni nafuu. Chupa isiyo na lebo haina kipimo, haina onyo, wala haimsaidii daktari mtu akidhurika.

Mstari wa rangi ulio chini ya lebo huonyesha ukali wa sumu. Nyekundu ni sumu kali zaidi, ikifuatwa na manjano, kisha buluu, na mwisho kijani. Kijani pia si ruhusa ya kuzembea.

Ni vyema kununua kiasi cha kumalizika msimu huo huo. Kwa bustani ndogo ya sukuma wiki nyuma ya nyumba, jembe na matandazo ya nyasi kavu huenda vikatosha bila dawa yoyote.

Njiani

Dawa isiwekwe katika mfuko mmoja na unga, maziwa, mkate au nguo. Chupa isimamishwe wima ndani ya ndoo yenye kifuniko. Katika matatu, isipakatwe wala kuwekwa miguuni mwa abiria; iwekwe kwenye buti, mbali na vyakula. Kwenye bodaboda, ndoo ifungwe imara kwa kamba. Mtoto asitumwe dukani kuleta dawa.

Ikimwagika, isisukumwe kwa maji hadi mtaroni. Imwagiwe mchanga au vumbi la mbao, isubiriwe inyonywe, kisha izolewe kwa sepetu na mtu aliyevaa glavu. Taka hiyo itiwe kwenye chombo kinachofungika, na afisa wa kilimo aulizwe pa kuipeleka.

Nyumbani

Mahali pa dawa si jikoni, si chumba cha kulala, wala si ghala la mahindi. Iwekwe stoo yenye kufuli, au kwenye sanduku la kufungwa lililo juu, mbali na jua na moto. Isichanganywe na mbegu, mbolea au chakula cha mifugo. Kikombe na ndoo za kupimia ziwekwe alama na zisirudi jikoni kamwe.

Kupima dawa

Kupima kwa kifuniko au kwa kukisia ndiko huleta hasara: dawa ikiwa kidogo magugu hayafi, ikizidi hudhuru udongo, maji na mazao. Mkulima apime kwanza eneo la mita 10 kwa mita 10. Atie maji matupu kwenye pampu, anyunyizie eneo hilo kwa mwendo wake wa kawaida, kisha aone ametumia lita ngapi. Ekari moja ina maeneo kama hayo takriban 40.

Kwa mfano, akitumia lita 5, ekari nzima itahitaji lita 200, yaani pampu 10 za lita 20. Ikiwa lebo inasema lita 1 ya dawa kwa ekari, kila pampu itatiwa mililita 100. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni karibu sehemu moja kati ya nane ya ekari. Itahitaji takriban mililita 125 za dawa. Kununua lita nzima kwa ploti hiyo ni kujiwekea sumu ya ziada nyumbani.

Maji ya kuchanganyia yawe safi. Matope hupunguza nguvu ya dawa kama glaifoseti, kwa kuwa hushikana na udongo.

Shambani

Anayenyunyizia avae ovaroli au nguo za mikono mirefu, gambuti, glavu za mpira, na miwani ya kukinga macho, hasa anapochanganya. Suruali iwe nje ya gambuti ili dawa isitiririke ndani. Asile, asinywe wala kuvuta sigara hadi aoge. Pampu ikiziba, isipulizwe kwa mdomo. Itolewe uchafu kwa maji na brashi laini.

Asubuhi au jioni isiyo na upepo ndiyo saa nzuri. Dawa ya 2,4-D, inayotumiwa kuua magugu ya majani mapana, ikipeperushwa huweza kukunja na kuua nyanya na maharagwe ya jirani. Kwa sababu hiyo, pampu ya dawa ya magugu isitumiwe kunyunyizia dawa ya wadudu kwenye mboga. Pampu isioshwe mtoni wala karibu na kisima. Watoto, wajawazito na mifugo wakae mbali kwa muda uliotajwa kwenye lebo. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Mtu akidhurika

Dawa ikigusa ngozi, nguo zivuliwe mara moja na mwili uoshwe kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, yasafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15.

Aliyemeza asilazimishwe kutapika, wala asicheleweshwe nyumbani akinyweshwa maziwa. Apelekwe hospitalini papo hapo, pamoja na chupa yenye lebo. Familia isingoje dalili. Parakwati, kwa mfano, huweza kuua kwa funda moja. Mgonjwa huenda akaonekana nafuu mwanzoni, huku mapafu yakiharibika siku zinazofuata, na sumu hiyo haina dawa ya kuitangua. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Chupa tupu

Chupa iliyokwisha itiwe maji robo, ifungwe, itikiswe kwa nusu dakika, na maji hayo yamiminwe kwenye pampu ili yatumike shambani. Hilo lifanywe mara 3. Kisha chupa itobolewe ili isiwekwe tena maji, mafuta ya taa au maziwa. Isichomwe, isitupwe mtoni, wala isiuzwe kwa wanaookota plastiki. Afisa wa kilimo wa wadi atamweleza mkazi mahali pa kuirudisha, na pia atamsaidia kuchagua dawa ifaayo na kupima pampu yake kabla ya msimu kuanza.