Baiskeli Iliyofaa Wakati wa Dhiki

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Usemi huo unawahusu sana wakazi wa Nateete, upande wa magharibi wa jiji la Kampala, kila wanapoitazama baiskeli. Katika dhiki ya mwaka 2020 baiskeli iliwafaa. Dhiki ilipopungua, rafiki huyo akasukumwa kando ya barabara. Yafaa sababu zake zielezwe.

Nateete iko kwenye barabara ya Masaka, kiasi cha kilomita tano kutoka katikati ya jiji. Hapo hukutana teksi, yaani mabasi madogo ya abiria 14, pamoja na bodaboda, malori ya ndizi na wachuuzi wa kila namna. Katika siku za kawaida, mfanyakazi anayeondoka nyumbani alfajiri hutegemea teksi au bodaboda, na sehemu ya ujira wake huishia katika nauli.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Uganda alitangazwa tarehe 21 Machi, 2020. Siku nne baadaye Rais Yoweri Museveni alisimamisha usafiri wa abiria. Tarehe 30 Machi magari ya watu binafsi nayo yakazuiwa, na wananchi wakaamriwa kutotoka nje tangu saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Waendesha bodaboda waliachiwa kubeba mizigo tu. Wachuuzi wa vyakula walitakiwa kulala sokoni.

Wananchi wengi wakabaki na njia mbili: miguu na baiskeli. Wauzaji wa baiskeli mjini Kampala wakaanza kupata wateja ambao zamani wasingeingia dukani mwao. Barabara ya Masaka, inayoogopwa kwa wingi wa magari, ikawa tulivu. Safari ya kutoka Nateete hadi mjini, ambayo msongamano huweza kuifanya ya saa nzima, ikawezekana kwa baiskeli katika muda wa nusu saa au pungufu.

Kwa hakika jambo hilo halikuwa geni katika nchi hiyo. Hata jina la bodaboda lilitokana na baiskeli. Katika miaka ya 1960, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, vijana waliwabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili. Pikipiki zilikuja baadaye, zikalirithi jina pamoja na abiria.

Teksi ziliruhusiwa tena tarehe 4 Juni, 2020, lakini kwa nusu ya abiria, na nauli zikapanda. Bodaboda zilianza tena kubeba watu tarehe 27 Julai. Zuio la pili, la siku 42, lilifuata mwezi wa Juni 2021. Baadaye bodaboda ziliruhusiwa tena kufanya kazi usiku. Injini zikarudi zote, na baiskeli nyingi zikaegeshwa.

Wapo wanaosema kwamba watu wa mjini ni wavivu, au kwamba wanaiona baiskeli kuwa alama ya umaskini. Haya ya namna hiyo ipo. Lakini haya haiui mtu, barabara huua. Mwaka 2022 polisi wa Uganda waliandikisha vifo 4,534 vya ajali za barabarani, na waendao kwa miguu ni miongoni mwa wanaoumia zaidi. Mwendesha baiskeli anayetoka Nateete hubanwa kati ya lori na mtaro, na ukingo wa barabara ambao ungemfaa umejaa bodaboda na meza za biashara. Watu hawakuichoka baiskeli. Walinyang'anywa nafasi ya kuiendesha.

Miji mingine iliutumia utulivu ule. Paris na Bogotá zilitenga makumi ya kilomita za njia za baiskeli mwaka 2020, na nyingi zikaendelea kutumika baada ya hapo. Uganda nayo haikukosa mawazo. Sera ya taifa ya usafiri usiotumia injini ilitolewa mwaka 2012, na jiji la Kampala lilibuni njia ya majaribio katika barabara ya Namirembe na mtaa wa Luwum. Hata hivyo, njia hiyo ni kipande kifupi katikati ya mji, wala haifiki Nateete, anakoanzia safari yule mwenye haja nayo.

Funzo la janga hilo ni wazi. Wananchi walikwisha kuonyesha kwamba wako tayari kubadili mwendo, na hawahitaji kuhimizwa kwa hotuba. Kinachotakiwa ni nafasi salama, hata ya upana wa mita mbili, iliyotenganishwa na magari kutoka Nateete hadi mjini. Bila nafasi hiyo, kibarua ataendelea kutoa nauli asiyoimudu, au kuhatarisha maisha yake ili aiokoe. Rafiki wa wakati wa dhiki hastahili kungojea dhiki nyingine ndipo akumbukwe.